Fuata Maji: Hotuba kuhusu Kujitengenezea Mashine ya Kuoshea Vyombo Nyumbani

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zetu, ndugu na vijana wa Malindi, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za alasiri na kuja kukaa ukumbini katika joto hili la kaskazi, na nawashukuru zaidi wageni wetu kutoka Lamu, ambao walianza safari alfajiri kwa mashua hadi Mokowe kabla ya kupanda basi la kuja huku.

Nimeombwa kuzungumzia mashine ya kuoshea vyombo inapoharibika nyumbani, na namna mtu anavyoweza kuichunguza na kuitengeneza mwenyewe kabla ya kuagiza fundi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, au kabla ya kuitupa. Wapo watakaosema kwamba hilo ni jambo la wenye nafasi, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi vyombo huoshwa uani kwa beseni na dodoki, na hilo ni kweli. Hata hivyo, wengi wenu mlio hapa ni wapishi, watunzaji na wasimamizi wa nyumba za wageni, na mashine hiyo imo mikononi mwenu kila siku ingawa si mali yenu. Na wengine mmeachiwa mashine za namna hiyo na waajiri waliorudi kwao, zikakaa pembeni mwa jiko kama kabati la kuwekea sufuria.

Kilichonifanya nikubali kusimama hapa ni tukio ambalo halijanitoka moyoni. Mama mmoja, mpishi katika nyumba moja ya ufuoni, alikatwa mshahara wa miezi mitatu ili kulipia mashine ambayo ilisemekana ameiua kwa kutojua kuitumia. Nilipoitwa kuiangalia, ilikuwa imekwisha kutolewa nje, imeegemezwa ukuta wa banda la jenereta. Niliifungua nikaikuta hita yake imevikwa chokaa nene kama sarafu mbili zilizobandikwa pamoja, na chini ya chokaa hiyo chuma kilikuwa kimepasuka kwa joto. Maji ya kisima cha nyumba ile ndiyo yaliyoiua mashine, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia mama yule kwamba mashine ile ilihitaji kutiwa chumvi. Fedha zake hazikurudishwa. Tangu siku ile nimeyaona maarifa haya kuwa ni kinga ya riziki ya watu, na ndivyo ninavyowaomba myapokee leo.

Jambo langu ni moja, nami nitalifuata hadi mwisho: katika pwani yetu hii, mashine ya kuoshea vyombo ikigoma, fuata maji. Usianze na umeme, wala usianze na bodi yenye taa na vitufe, ingawa hiyo ndiyo inayomtazama mtu usoni. Anza pale maji yanapoingilia, uyafuate yanavyokusanyika, yanavyorushwa, yanavyopashwa moto, hadi yanapotoka. Na mahali utakapoyakuta yamekwama au yamebadilika tabia ndipo penye ugonjwa, mara nyingi sana kuliko watu wanavyodhani.

Hilo halishangazi mtu akijua mashine hii ilivyozaliwa. Mwaka 1850 Mmarekani Joel Houghton alipata hataza ya chombo cha mbao kilichozungushwa kwa mkono na kurusha maji juu ya sahani, lakini hakikusafisha kwa namna ya kuridhisha. Aliyeifanikisha kazi hiyo ni mwanamke, Josephine Cochrane wa Shelbyville katika jimbo la Illinois, aliyepata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886 na kuionyesha mashine yake katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893. Alitengeneza vichanja vya waya vilivyopimwa kwa vyombo vyenyewe ili visigongane, kisha akaiachia nguvu ya maji ya moto yenye sabuni ifanye kazi ya mkono. Mpaka leo mashine zote hufuata fikira hiyo. Ndani yake hamna brashi wala kitambaa. Kinachoosha ni maji yenye nguvu, yenye joto na yenye sabuni inayofaa, na kimojawapo kikipungua sahani hutoka na mafuta ya tui kama zilivyoingia.

Kabla hujashika bisibisi, isikilize mashine ikifanya kazi mzunguko mmoja. Mashine nyingi huanza kwa kuvuta nje maji yaliyobaki, kwa sekunde chache, na hapo utasikia mvumo wa pampu ndogo. Kisha utasikia mlio wa maji kuingia, kwa dakika moja au mbili, kiasi cha lita 3 hadi 5. Baada ya hapo pampu kuu huamka na maji huanza kupiga kuta za ndani kama mvua juu ya bati. Hita hufanya kazi kimyakimya. Kikasha cha sabuni hufunguka kwa mlio mdogo. Na baada ya muda maji machafu husukumwa nje, kisha suuzo moja au mbili hufuata. Mzunguko mzima hutumia maji lita 10 hadi 15 hivi, pungufu ya ndoo moja kubwa. Mtu aliyezoea mpangilio huu wa sauti hujua, akiwa amesimama tu jikoni, kwamba mashine imefika hatua fulani na hatua ya pili yake haikuja. Herufi na tarakimu zinazotokea kwenye kioo husaidia pia, lakini kila kampuni ina zake, basi kitabu cha mashine kitunzwe mahali pakavu na kisifungiwe samaki.

Sasa tuingie pamoja na maji. Pembeni mwa karo kuna mfereji ambao mpira wa mashine umefungwa, na nyuma ya mashine mpira huo unaishia kwenye vali ya umeme inayofungua na kufunga maji. Mashine nyingi za nyumbani zinataka msukumo usiopungua nusu ya kipimo kinachoitwa baa, na kiasi cha lita 10 kwa dakika. Katika mji wenye bomba la nguvu mchana na usiku hakuna anayeyafikiria mambo hayo. Sisi tunaishi kwa matangi. Maji ya Baricho, yanayovutwa kando ya Mto Sabaki, yakikatika siku mbili tatu, nyumba huendeshwa na tangi la darini au na kisima, na tangi halina msukumo mwingine ila kimo chake. Kila mita 1 ya kimo, kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye mashine, huleta sehemu moja ya kumi ya baa. Nusu ya baa, kwa hiyo, ni mita 5 za kimo, na hapo hatujahesabu nguvu inayopotea katika mabomba membamba na viungo vingi.

Nilielewa uzito wa hesabu hiyo nilipoitwa Lamu miaka kadhaa iliyopita. Wenyeji wa huko wanajua kwamba katika nyumba za kale za mawe jiko aghalabu huwa juu kabisa, karibu na paa, ili moshi na harufu visishuke vyumbani. Mwenye nyumba alikuwa ameiweka mashine mpya huko huko jikoni. Ilibebwa na punda hadi mlangoni na kupandishwa ngazi na wanaume wanne, na tangi lilikuwa juu ya paa hilo hilo, mita 2 tu juu ya mashine. Mashine ilikuwa ikianza, ikingoja maji, ikichoka kungoja na kuzima. Mafundi wawili walikuwa wamekwisha kubadilisha vali, na mmoja wao alikuwa amependekeza bodi mpya ya bei kubwa. Nilifungua mpira nikauelekeza kwenye ndoo ya lita 10 huku nikitazama saa, na ndoo ilichukua karibu dakika 4 kujaa. Mashine haikuwa na ugonjwa wowote. Tulifunga pampu ndogo ya kuongeza nguvu ya maji, ikaosha vyombo siku ile ile. Kwa sababu hiyo nawasihi: jaribio la ndoo na saa liwe la kwanza kabisa. Ndoo isipojaa kwa dakika 1 hivi, usiifungue mashine, shughulikia maji.

Na ikiwa mfereji unatoa maji kwa nguvu lakini mashine hainywi, tazama mwisho wa mpira pale unapoingia kwenye vali. Hapo pana kichujio kidogo cha wavu, si kipana kuliko ncha ya kidole gumba, ambacho wengi hawajui kwamba kipo. Maji yanaporudi baada ya kukatika, huja na mchanga, kutu na tope la mabomba, na vyote hivyo huishia hapo. Zima mfereji, chomoa plagi, fungua mpira kwa mkono au kwa plaisi iliyofungwa tambara, uchomoe wavu polepole na kuusugua kwa mswaki wa zamani. Hiyo ni kazi ya dakika 10. Mimi mwenyewe, katika miaka yangu ya mwanzo, niliwahi kumwagizia mteja vali nzima kutoka Mombasa, akangoja majuma mawili, na ilipofika nikagundua kwamba wavu wa vali ya zamani ndio uliokuwa umeziba. Nilimrudishia fedha zake, na tangu hapo wavu ndio ninaoutazama kwanza.

Kuna sababu nyingine ya mashine kukataa maji, nayo ni boya. Chini ya mashine, ndani ya sinia lililo chini ya tumbo lake, pana boya dogo lililounganishwa na swichi. Maji yakivuja na kujaa katika sinia hilo, boya huinuka, na mashine hukataa kuingiza maji mengine huku pampu ya kutolea ikivuma bila kukoma. Watu hudhani pampu imerukwa na akili, kumbe inailinda nyumba isifurike. Ukisikia mvumo huo usiokwisha, funga mfereji, chomoa plagi, kisha mwombe mtu akusaidie kuinamisha mashine nyuma na mbele ili maji ya sinia yamwagike juu ya matambara. Mashine ikiamka baada ya hapo, bado una deni la kutafuta maji yale yalitoka wapi. Mara nyingi hutokana na povu, kwa kuwa mtu alikosa sabuni ya mashine akatia sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Sabuni hiyo imetengenezwa itoe povu, na povu likirushwa na pampu hupenya pembeni mwa mlango na kushuka kwenye sinia. Nyakati nyingine ni mpira wa mlango uliokakamaa kwa chumvi ya hewa, au ni mashine isiyokaa sawa sakafuni. Weka pimamaji juu yake na urekebishe miguu.

Nimetaja plagi mara mbili, basi nisimame hapo kidogo. Hakuna sehemu ya mashine hii inayofunguliwa ilhali plagi imo soketini, hata kama swichi ya ukutani imezimwa. Umeme wetu ni wa volti 240, na ndani ya mashine umeme huo hukaa jirani na maji. Baadhi ya mashine zina kapasita kwenye pampu kuu ambayo huweka umeme hata baada ya plagi kutolewa, basi asiyejua namna ya kuitoa umeme wake asiiguse. Usiiwashe mashine kwa ekstensheni nyembamba ile ya kuchajia simu, kwa sababu hita ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8, na waya mwembamba hupata joto hadi kuyeyuka. Kamwe usiunganishe nyaya ili kuipita swichi ya mlango au ile ya boya. Nimeona zote mbili zikifanywa na watu wanaojiita mafundi, na sina neno la upole la kulielezea tendo hilo.

Baada ya maji kuingia, hukusanyika katika kishimo kilicho chini ya tumbo la mashine, ambamo mna chujio la kuzungusha kwa mkono. Chujio hili lioshwe kila juma, na nyumba yenye wageni wengi ilioshe kila baada ya siku mbili. Jikoni mwetu huingia machicha ya nazi, miba ya samaki, mbegu za ndimu na punje za pilau, na vitu hivyo havifanani na mabaki ya mkate ambayo watengenezaji wa Ulaya walikuwa nayo akilini. Juu ya chujio kuna mikono ya kurushia maji, yenye vitundu. Ing'oe, iinue dhidi ya mwanga, na kila kitundu kisichopitisha nuru ukichokoe kwa njiti. Ukitaka kujua kama mkono unazunguka, uelekeze upande unaoukumbuka, funga mlango, acha mashine ifanye kazi dakika chache, kisha ufungue utazame umesimama wapi. Ukiukuta pale pale mara mbili mfululizo, basi sufuria inauzuia au maji hayana nguvu.

Sasa nimefika kwenye chokaa, na naomba uvumilivu wenu hapa kuliko mahali pengine popote.

Nchi tunayoikalia imesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Babu zetu waliyachoma matumbawe hayo kwa magogo wakapata chokaa ya kujengea na kupakia kuta, na majumba ya Lamu bado yanaishuhudia kazi yao. Maji ya mvua yanaposhuka katika mwamba huo huumumunya polepole na kuubeba, na kwa hiyo maji ya visima vyetu vingi yana chokaa ambayo jicho haliioni. Yakiwa baridi, hutulia. Yakipashwa moto, hewa ya kaboni iliyokuwa imeishikilia chokaa hiyo hutoka, na chokaa hurudi kuwa jiwe juu ya kitu chenye joto kuliko vyote, ambacho ndani ya mashine ni hita. Kila mama aliyechemsha maji ya kisima anaujua ukoko mweupe wa birikani. Mashine ya kuoshea vyombo ni birika ambalo hakuna anayelichungulia ndani. Ukoko huo huizuia hita kutoa joto lake kwa maji, hita hujipasha yenyewe, na siku moja hupasuka kama ya mama yule niliyemtaja.

Ndiyo maana mashine nyingi za Ulaya zina chumba cha chumvi chini ya tumbo, chenye kifuniko cha kuzungusha. Chumvi hiyo haioshi sahani. Pembeni mwake mna punje za resini ambazo hunasa chokaa ya maji yanayoingia, na zikishajaa, maji ya chumvi huzipitia na kuziosha ili zianze upya. Chumvi ikiisha, resini hushindwa, na chokaa hupita moja kwa moja hadi kwenye hita.

Hapa kuna makosa matatu ninayoyakuta mara kwa mara. La kwanza ni kutumia chumvi ya mezani, ambayo ina madini ya joto na dawa ya kuizuia isigandamane, na punje zake ndogo hushikana na kuziba njia. La pili ni letu wenyewe wa huku. Kwa kuwa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni yako jirani, mtu huona ni busara kuchota chumvi ya mawe ya baharini. Chumvi hiyo ikiwa ghafi ina mchanga, na ina magnesi na kalsi, yaani mambo yale yale ambayo resini inajaribu kuyaondoa. Inunuliwe chumvi safi ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi. Kosa la tatu ndilo baya zaidi, nalo ni kutia sabuni katika chumba cha chumvi kwa kudhani ndipo pahali pake. Sabuni huiharibu resini, na hapo dawa ni kubadilisha kifaa chote cha kulainishia maji. Ukishatia chumvi, futa iliyomwagika na uwashe mzunguko papo hapo, kwa sababu punje zikilala usiku juu ya chuma cha ndani huanza kukitoboa kwa kutu.

Utajuaje kama maji yako yana chokaa nyingi? Tia maji katika chupa, kata kipande cha sabuni ya mche, tikisa. Maji laini hutoa povu jingi linalodumu. Maji magumu hutoa povu kidogo na utando mzito kama maziwa yaliyokatika. Ukiona utando, nenda kwenye mpangilio wa mashine, kama kitabu kinavyoelekeza, uupandishe ugumu wa maji. Nitaje pia kwamba resini huondoa chokaa, si chumvi ya bahari. Kisima kilichoingiliwa na maji ya bahari hakiponi kwa njia hii, na maji ya namna hiyo hukila hata chuma kisichoshika kutu. Nyumba yenye kisima cha hivyo iilishe mashine kwa maji ya bomba au ya mvua yaliyohifadhiwa, kama wazee walivyohifadhi katika majabia.

Kwa mashine ambayo imekwisha kupata ukoko, asidi ni dawa. Mtu akikamulia ndimu juu ya sakafu ya chokaa huona inavyochemka; hiyo ni asidi ikiirudisha chokaa kuwa kitu kinachoyeyuka. Chukua unga wa asidi ya limau, gramu 100 hadi 150, uutie ndani ya tumbo la mashine tupu, chini kabisa, na uwashe mzunguko wenye joto kali kuliko yote. Ukoko ukiwa mzito, rudia siku ya pili. Siki pia hufanya kazi, lakini ikitumiwa mara nyingi huichosha mipira. Na nasema haya kwa sauti kubwa: asidi isikutanishwe kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, wala ndani ya mashine wala katika ndoo, kwa sababu hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu.

Glasi zenye ukungu mweupe hutatanisha watu. Zifute kwa siki: ukungu ukiondoka, ulikuwa chokaa; ukibaki, kioo chenyewe kimeliwa na hakitarudi.

Ikiwa mashine haipashi moto kabisa, utaijua kwa sabuni iliyobaki vipande na sahani zinazotoka baridi na zenye utelezi. Hapo, plagi ikiwa nje, pima hita kwa mita, yaani kile kifaa cha kupimia umeme. Hita ya wati 2,000 kwa volti 240 husoma omu 29 hivi. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Na mita ikisoma chochote kati ya hita na mwili wa chuma, hita inavujisha umeme, na hiyo ndiyo sababu ya swichi kuu kuanguka kila maji yanapoanza kupata joto. Lakini kabla ya kuihukumu hita, upime umeme wa nyumba jioni, wakati kila mtu amewasha kila kitu, au wakati wa jenereta. Nguvu ya hita hushuka kwa mraba wa volti. Umeme ukishuka kutoka volti 240 hadi 200, hita hubaki na chini ya asilimia 70 ya nguvu yake, na kazi ya nusu saa huchukua karibu dakika 45. Mashine hiyo nayo ni nzima. Iwashwe usiku wa manane.

Safari ya mwisho ya maji ni kutoka. Yakibaki chini, chota kwa kikombe na sponji, toa chujio, na chini yake utaona kifuniko kidogo cha pampu ya kutolea. Kiinue, uingize kidole polepole, kwa kuwa mara nyingi kinachoizuia ni kigae cha glasi, ukaizungushe feni yake ndogo. Feni ya pampu nzima huzunguka kwa kurukaruka kidogo kwa sababu ya sumaku iliyomo. Feni iliyogoma kabisa ina kitu, na feni inayozunguka bila upinzani wowote imekatika mhimili. Tazama pia mpira wa kutolea: usibanwe na ukuta, na mwisho wake uinuliwe kati ya sentimita 40 na mita 1 kutoka sakafuni, kwa sababu ukilazwa chini maji hujivuta yenyewe kutoka hata kabla ya kuosha.

Yaliyobaki ni machache. Komeo la mlango likilegea, mashine haiwaki, ulisikie likibofya. Vichwa vya nyaya hushika kutu ya kijani kwa hewa yetu ya bahari, navyo husafishwa kwa brashi kavu na kuchomekwa tena. Mijusi na sisimizi hupenda ujoto wa bodi, na nimetoa mjusi aliyeunganisha njia mbili za umeme kwa mwili wake. Bodi ikiungua, mwiteni fundi mwenye vifaa; hapo ndipo mipaka ya kazi ya nyumbani ilipo, na pia pale unapotakiwa kupima chochote umeme ukiwa umewashwa.

Mashine hii mnayoiona mbele imeletwa na dada mmoja kutoka Maweni, naye ameambiwa kwamba pampu yake imekufa. Plagi iko mkononi mwangu, kila mtu anaiona. Maji yapo ndani, kimo cha vidole vinne. Namwomba mama aliyekaa karibu na mlango aje anishikie tochi, na vijana wawili walete sinia na matambara. Chujio nitamwachia dada mwenyewe alitoe.